Seti ya kupima kutu ya umeme kwenye boti: ya baharini, Mtera inahitaji chupa ya chumvi

Seti yenyewe ni ile inayouzwa mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya boti kwa majina tofautitofauti. Ndani kuna elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, nyembamba kama kalamu, waya mrefu, plagi ya kuchomeka kwenye multimita (kipima umeme), na karatasi ya maelekezo. Multimita unajitafutia mwenyewe, na hilo halisumbui, kwa kuwa Dodoma mjini zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Chagua ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaohm 10. Ile ya mshale inavuta umeme mwingi mno, na kipimo kinaharibika hapohapo.

Kwa bahari ya Dar au Tanga, seti hii haina neno. Tatizo ni kwamba karatasi yake imeandikwa kana kwamba maji yote yana chumvi, na Bwawa la Mtera ni maji baridi ya Ruaha Mkuu na Kizigo.

Elektrodi hii hutegemea kloridi iliyomo majini, ambayo ni sehemu ya chumvi. Kila kloridi inapopungua mara kumi, kipimo husogea takriban milivolti 59. Bahari ina kloridi kama gramu 19 kwa lita. Kwenye maji yenye miligramu 19 tu, yaani mara elfu moja pungufu, kosa linafika milivolti 177. Kibaya zaidi ni upande linakoelekea: namba inakuwa hasi zaidi, kwa hiyo mguu wa mashine (sehemu ya injini ya boti inayokaa majini) ambao haulindwi kabisa unaonekana umelindwa. Kinga ya kutosha hupimwa kwa mabadiliko ya milivolti 200 kwenda upande wa hasi. Kosa linakaribia kulingana na kitu chenyewe unachokitafuta!

Dawa yake ni rahisi, ila haimo kwenye boksi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa tundu dogo chini, lizibe kwa pamba iliyokazwa. Jaza maji na chumvi ya mezani gramu 17 hadi 18, ambayo ni vijiko vitatu vya chai vya kufuta. Tumbukiza elektrodi humo, kisha ning'iniza chupa majini karibu na mguu wa mashine, sentimita chache tu. Usiiache mita mbili pembeni, maana maji baridi hayapitishi umeme vizuri na umbali huo nao unaongeza kosa. Chumvi itapenya pole kwenye pamba. Badilisha maji kila siku ya kupima.

Kabla ya kuiamini, ijaribu nyumbani. Ndoo ya lita 10, chumvi gramu 350, kipande cha zinki kilichosuguliwa kwa msasa. Waya mweusi wa multimita kwenye elektrodi, mwekundu kwenye zinki, swichi kwenye volti za DC. Isome kati ya hasi 1.00 na hasi 1.05. Ikikupa hasi 0.85, elektrodi imechafuka au imekauka, na hakuna namba yoyote utakayoipata Mtera yenye maana.

Sasa kwenye mashine. Mafundi huita kila kitu elektrolisisi, lakini ni magonjwa mawili. La kwanza ni metali mbili tofauti zilizoungana ndani ya maji: mguu wa alumini na propela ya chuma cha pua, alumini ndiyo inayoliwa, taratibu, kwa miezi. La pili ni umeme wa betri unaovuja, na huo hausubiri miezi. Ampea moja ikivuja mfululizo mwaka mzima huondoa karibu kilo 2.9 za alumini. Hata sehemu ya kumi ya hapo inatosha kutoboa kifuniko cha gia.

Kwa ugonjwa wa kwanza, fungua anodi (kile kipande cha metali kinachofungwa kwenye mguu ili kiliwe badala yake), pima mguu, andika namba. Rudisha anodi, acha mashine majini usiku kucha, pima tena. Namba ishuke upande wa hasi kwa milivolti 200 au zaidi. Kwa alumini lengo ni kati ya milivolti hasi 950 na hasi 1,100. Ukivuka hasi 1,200 umezidisha: alkali inayozalishwa juu ya metali inaanza kuila alumini yenyewe, na rangi inafura malengelenge. Kama namba haikusogea, usikimbilie kununua anodi mpya. Weka multimita kwenye ohm, ncha moja kwenye anodi, nyingine kwenye alumini iliyo uchi. Ikizidi ohm 1 tatizo ni mguso. Mara nyingi ni rangi. Mtu amepaka mguu rangi ya kupulizia ukapendeza, na anodi nayo akaipulizia. Anodi iliyopakwa rangi ni uzito tu.

Ugonjwa wa pili ndipo seti inapolipa fedha yake, hata bila chupa ya chumvi, kwa sababu hapo unatafuta mruko, wala si namba kamili. Zima kila kitu, soma. Washa pampu ya ngama (ya kutoa maji yaliyoingia botini), soma. Taa za kuvulia, soma. Redio, soma. Namba ikiruka makumi ya milivolti kuelekea sifuri, umeme unatoka kwenye chuma kwenda majini na chuma kinaondoka nao. Mshukiwa wa kwanza ni muungo wa waya wa pampu uliofungwa kwa tepu nyeusi na kuachwa ndani ya maji ya ngama. Ukate, uunge upya juu ya usawa wa maji, kwa kiungio cha kubana na mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani.

Kuthibitisha: toa waya wa chanya kwenye betri, weka multimita katikati kwenye ampea 10, vitu vyote vikiwa vimezimwa. Ikionyesha sifuri, shuka kwenye miliampea. Usiguse kitufe cha kuwashia mashine wakati huo, fyuzi ya multimita itakwenda.

Baadhi ya seti huja na anodi "ya bure". Ikague vizuri. Wavuvi huita anodi zote zinki, na wauzaji nao hivyohivyo, kumbe kwenye maji baridi zinki hujifunika utando mgumu na kuacha kazi, huku ikionekana nzima. Anodi isiyopungua kabisa kwa miezi sita Mtera usiisifie. Inayotakiwa ni magnesiamu, au aloi ya alumini iliyotengenezwa kwa anodi. Kuzitofautisha dukani, ipime mkononi: kwa ukubwa uleule, zinki ikiwa kilo moja, alumini haifiki gramu 400 na magnesiamu ni kama gramu 250. Tone la siki juu ya magnesiamu iliyokwaruzwa hutoa povu papo hapo.

Boti ikihamishiwa Singida, Ziwa Singidani, toa magnesiamu kabla haijagusa maji. Lile ni ziwa la chumvi. Magnesiamu itaisha haraka na itazidisha kinga. Weka ya alumini. Na popote pale, badilisha anodi ikiwa imebaki nusu.

Kifaa cha kuzuia umeme wa kutu unaotoka gatini ambacho baadhi ya wauzaji wanakibandika kwenye seti hiyohiyo, kiache. Kinafaa boti inayochomekwa umeme wa nchi kavu. Mialo ya Mtera haina umeme huo, na mashine ikiinuliwa ikatoka majini yote kila jioni, pamoja na propela, inapata kinga ambayo hakuna anodi inayoishinda. Kuinua nusu, anodi ikabaki juu na propela ndani, ni afadhali usiinue.

Elektrodi ihifadhiwe ncha ikiwa na unyevu wa maji ya chumvi, kwenye kifuniko chake. Kifuniko cha seti hii kinalegea; kamba ya mpira inatosha.