Tahadhari kwa wenye pikapu wa Bukavu: masterivaki zilizopasuka zinauzwa kama mpya

Ndugu madereva na wenye magari wa Bukavu, hasa ninyi mnaoshusha mizigo kuelekea Uvira kwa mteremko wa Ngomo, nawaomba msome tangazo hili kabla ya kumlipa yeyote anayewaambia kwamba pedali yenu ya breki imekuwa ngumu kwa sababu masterivaki, yaani kile kifaa kinachotumia mvuto wa hewa kuuongezea mguu nguvu kwenye breki, imekufa. Kuna muuzaji wa vipuri hapa mjini anayeshirikiana na fundi asiye na garaji, na masterivaki waliyoniuzia kwa dola 140, wakiapa kwamba ni mpya, ilikuwa imepasuka ndani hata kabla haijafungwa kwenye gari langu.

Hila yao huanzia kwenye uchunguzi wenyewe. Fundi huzima injini, huikanyaga pedali mara kadhaa, kisha humwita mwenye gari aikanyage naye ili ahisi ilivyokakamaa. Lakini pedali ya gari lolote lenye masterivaki hukakamaa namna hiyo injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa akiba ndogo ya mvuto wa hewa iliyobaki ndani huisha baada ya kukanyaga mara chache. Jaribio hilo halithibitishi chochote, na anayelifanya mbele ya mteja kisha akataja bei anajua vizuri anachokifanya.

Jaribio la haki ni hili: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, uuache mguu juu yake ukiikandamiza kwa nguvu ya kawaida, ndipo uwashe injini. Masterivaki ikiwa nzima na ikipata mvuto, pedali itazama kidogo chini ya mguu wako mara tu injini inapowaka. Isipozama, bado hujampata mkosaji, kwa sababu injini ya mazutu (dizeli) kwa kawaida haina mvuto wa kutosha wa kwake yenyewe na hutegemea pampu, ambayo kwenye Hilux nyingi za zamani imefungwa nyuma ya alternata. Kutoka kwenye pampu hiyo hadi kwenye masterivaki kuna mpira, na katika njia hiyo kuna klape inayoruhusu hewa kupita upande mmoja tu. Chomoa mpira kwenye masterivaki injini ikiwa inanguruma, uzibe mdomo wake kwa kidole gumba: usiposikia unavutwa kwa nguvu, tafuta ubovu kwenye pampu, klape au mpira kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kwangu ubovu ulikuwa kwenye mpira. Pedali ilikuwa laini asubuhi na kukakamaa baada ya kupanda mlima kwa muda mrefu, na fundi mwingine, mwenye garaji, alipofunua boneti injini ikiwa ya moto, tuliuona mpira ukiwa umejibana hadi kuta zake kugusana, kwa sababu mtu fulani zamani aliweka mpira laini usiotengenezwa kuhimili mvuto. Tuliweka mwingine wenye nyuzi ndani, tukarudisha masterivaki ya zamani, na pedali ikatulia.

Ile tuliyouziwa tuliipeleka kufunguliwa na mtu mwenye vifaa (msijaribu wenyewe, ndani mna springi kubwa inayoweza kumjeruhi mtu). Kwa nje ilipakwa rangi nyeusi inayong'aa, lakini pale vipande viwili vya bati vinapokutana kingo zilikuwa na alama za patasi, na vikunjo vyake vilikuwa vimegongwa nyundo bila mpangilio, ilhali cha kiwandani hukunjwa kwa usawa kuzunguka kote. Utando wa mpira uliokuwa ndani ulikuwa na kiraka cha baiskeli kilichobanduka nusu, na chini yake mlikuwa na unyevu wa mafuta ya breki. Mafuta hayo hutoka kwenye silinda kuu (ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni) inayovuja kwa nyuma, nayo huharibu utando. Kwa hiyo hata anayenunua masterivaki nzima bila silinda yake kukaguliwa anaweza kuipoteza upesi.

Nilipomrudia, muuzaji alijibu kwamba kipuri kikishafungwa hakirudishwi, kisha akaongeza kwamba mwinuko wa Bukavu ndio unaoua masterivaki. Ni kweli kwamba kwenye mita 1,500 hivi hewa inasukuma kwa nguvu pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani, na msaada wa breki hupungua kidogo kwa magari yote, lakini mwinuko hautoboi utando wala haukakamazi pedali iliyokuwa laini jana.

Simtaji jina. Atakayeletewa masterivaki yenye rangi mbichi na katoni iliyofungwa kwa gundi mpya ya karatasi aangalie kingo za bati, anuse tundu la mpira kama lina harufu ya mafuta ya breki, na adai iandikwe kwenye risiti kwamba itarudishwa isipofaulu majaribio ikiwa garini. Injini iwashwe dakika moja au mbili, izimwe, na pedali ikanyagwe polepole: ya kwanza ishuke sana, zinazofuata zizidi kubaki juu. Kisha ikanyagwe injini ikiwaka, injini izimwe mguu ukiwa pale pale, na kwa sekunde 30 pedali isiusukume mguu kurudi juu.

Waliokwisha kununua kwake wafanye majaribio haya leo, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Na pedali ikikakamaa ukiwa tayari mteremkoni, usizime injini na usikanyage-kanyage, maana kila mkanyago unamaliza akiba iliyobaki. Rudi gia ya chini, kanyaga mara moja kwa nguvu ya mguu wote bila kuachia, kwa sababu mafuta bado yanafika kwenye magurudumu hata masterivaki ikiwa imekufa kabisa.