Oksidi ya zinki ya nano kwenye vanishi: uzoefu wangu na milango inayopigwa jua, Moshi

Mlango wa mninga unaotazama magharibi hapa Moshi hauwezani na vanishi ya kawaida. Jua linavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao. Juu panageuka kijivu, vanishi inabanduka maganda maganda, na mteja anarudi na simu iliyojaa picha. Ndiyo maana nikanunua mtawanyiko wa oksidi ya zinki: chembe zisizozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), zimetawanywa ndani ya maji, asilimia 40 kwa uzito. Unachanganya na vanishi ya maji kabla ya kupaka.

Kazi inafanya. Nimeacha vibao viwili vya mninga juu ya paa la karakana, kimoja chenye zinki na kimoja bila, kiangazi na masika. Kisicho na zinki kimeshaanza kubanduka. Chenye zinki bado kimeshika, ila kimepauka kidogo, na hilo lilitarajiwa: zinki hunyonya mionzi ya urujuanimno iliyo chini ya takribani nanomita 370, na mwanga unaopita hapo unaendelea kula rangi ya mbao polepole. Anayekuahidi mninga usiopauka kabisa anakuuzia maneno. Zinki haizuii maji pia. Ncha za ubao usipoziziba zitaoza kama kawaida.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba mbao bado inaonekana. Unga wa zinki wa kawaida ungeifanya vanishi kuwa nyeupe, lakini chembe ndogo kiasi hiki hutawanya kidogo sana mwanga tunaouona, ule wa nanomita 400 hadi 700.

Kwa kilo moja ya vanishi natia gramu 50, yaani gramu 20 za oksidi yenyewe, asilimia 2 hivi. Tumia mizani. Oksidi ya zinki ni nzito mara 5.6 kuliko maji, na lita moja ya mtawanyiko huu inakaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo ukipima kwa kifuniko cha chupa unazidisha. Uzito huohuo ndio unaofanya nyingine itulie chini ikikaa muda. Koroga taratibu mpaka chini kusibaki kitu. Mimina kidogo kidogo huku msaidizi anakoroga. Vanishi yenye asidi usiiguse nayo: asidi huyeyusha zinki na kuondoa kile kinachozuia chembe zisishikane, mchanganyiko ukawa vidonge vidonge. Kuchuja hakusaidii, kwa sababu vidonge unavyovitupa ndiyo kinga uliyoilipia. Jaribu kwanza kwenye kopo dogo la kioo, uliache mpaka kesho yake.

Sasa usalama, maana hapa ndipo naona mafundi wengi wanajidanganya. Wanaona kimiminika wanasema hakina vumbi. Kweli, kikiwa kimelowa chembe hazirukiruki. Lakini matone yaliyomwagika mezani yakikauka yanarudi kuwa vumbi. Ukipuliza kwa bomba la rangi umetengeneza ukungu unaoingia moja kwa moja mapafuni, kwa hiyo mimi napaka kwa brashi tu. Na mlango ukirudi baada ya miaka, ukaupiga msasa mkavu, unavuta vanishi na zinki yake. Piga msasa wa maji, uvae barakoa ya N95 inayobana usoni. Zile za kitambaa tulizoshona wakati wa korona waachie wenye mafua. Udogo wa chembe si jambo la kupuuza: kwa oksidi ya titani, ndugu yake zinki, NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilipendekeza mwaka 2011 kikomo cha miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa vumbi la kawaida, na 0.3 tu kwa lile la nano.

Wanaochomelea mabati wanaijua homa ya moshi wa zinki, inayompata anayeuvuta, na wanainywea maziwa, ambayo hayasaidii kitu mapafuni. Kwa hiyo makopo na vitambaa vyenye zinki msichome moto.

Maji ya kuoshea brashi ndiyo yananikera zaidi. Kwenye lebo ya bidhaa kama hizi kuna alama ya mti mkavu na samaki aliyekufa, kwa sababu zinki ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Mtaro wa hapa kwetu unaishia mtoni, na maji ya mto huo, Rau, yanamwagilia mashamba ya mpunga ya Lower Moshi. Nafuta brashi kwa gazeti, naiosha ndani ya ndoo moja, maji hayo namwagia kwenye maranda pamoja na masalia ya vanishi mpaka yagande, ndipo nayatupa na taka ngumu.

Kwa milango ya nje na madirisha ya upande wa jua, nunua, japo bei inauma. Kwa makabati ya ndani ni kupoteza hela. Malalamiko yangu ni kwa muuzaji: alinipimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo wala karatasi ya usalama, kitu cheupe ambacho mtoto yeyote angedhani ni maziwa. Oda inayofuata nimemwambia nataka chombo cha kiwandani chenye muhuri wake, la sivyo abaki nacho.