Trekta dogo kwa shamba la Nyanda za Juu Kusini: lipi ununue, na bei uijadili vipi

Mwenye ekari kumi Kilolo na mwenye ekari kumi Ubaruku hawapaswi kununua trekta la aina moja, hata kama fedha zao zinalingana. Wa Kilolo ana mteremko, na chini bondeni ana kinyungu, bustani ya ardhi oevu, ambako trekta zito huzama. Wa Ubaruku yuko kwenye tambarare ya Usangu, Mbarali, ana mfereji na majaruba ya mpunga. Wa Ismani ana ardhi inayokauka kiangazi ikawa ngumu kweli, na anataka kulima kabla mvua haijashika. Muuzaji akikuona tu ataanza kukutajia hp, yaani nguvu ya injini. Wewe anza na udongo wako, mteremko wako, na fundi atakayekuja shambani trekta likizima mwezi wa kumi na mbili, wakati kila mtu anataka kupanda.

Ninazungumzia hasa matrekta ya hp 20 hadi 50 hivi, kwa mtu mwenye ekari tano mpaka thelathini, anayelima kwake na pengine kwa majirani. Nimeyapanga kwa nafasi, kuanzia ninalolipendekeza zaidi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Njombe inakaribia 2,000. Trekta lililoandikwa hp 30, ukilifikisha Njombe unabaki na kama 24. Usangu iko chini zaidi, karibu mita 1,000 na kidogo, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Ukiwa Makete, Njombe au Mufindi, ongeza hp kumi juu ya ile uliyodhani inakutosha, au tafuta yenye turbo.

Nafasi ya kwanza: jipya, hp 30 hadi 45, linalovuta kwa magurudumu yote manne

Kwa mashamba mengi ya kwetu hili ndilo chaguo langu. Mfano mzuri ni Kubota L3408 yenye hp 34 na L4508 yenye hp 45. Mahindra, Swaraj na Sonalika kutoka India nazo zina matrekta ya ukubwa huu, injini zake ni rahisi kwa fundi wa kawaida kuzielewa, ila mengi yanayoletwa huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Hayo yananitosha tambarare. Kwenye kilima chenye utelezi wa mvua ya Januari nataka magurudumu ya mbele nayo yavute.

Trekta la namna hii linavuta rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka) ya upana wa mita moja na nusu, linapita katikati ya mistari ya parachichi bila kuvunja matawi, na linaingia kwenye kinyungu kabla ya maji kujaa. La hp 45 litavuta hata jembe la sahani mbili kwenye udongo wa wastani. La sahani tatu usilitamani. Hilo ni la trekta kubwa, na ukililazimisha utaunguza klachi.

Limeshika nafasi ya kwanza kwa sharti moja: wakala awe na spea dukani. Kabla hujauliza bei, muombe akuonyeshe kwa macho filta ya oili, filta ya dizeli, fenibelti, pampu ya maji na sahani ya klachi za trekta hilo hilo. Akikwambia vinaagizwa Dar es Salaam, jua kuwa siku litakapoharibika utasubiri gari litoke mbali, zaidi ya kilomita 800 kama uko Mbeya, huku mvua ikinyesha kwenye shamba ambalo halijalimwa. Kwa wakala wa namna hiyo, trekta zuri linashuka mpaka nafasi ya tatu.

Nafasi ya pili: dogo la Japani lililotumika

Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura. Haya huja na rotaveta yake, ni mepesi, hula dizeli kidogo, na bei yake inamfikia mkulima wa kawaida. Kwa vinyungu vya Iringa na Njombe, kwa bustani za nyanya na vitunguu za Ilula, na kwa jaruba dogo la mpunga, sijaona kinachoyashinda kwa fedha hiyo.

Lakini yalitengenezwa kwa soko la Japani. Maandishi yote ni ya Kijapani, na modeli nyingine hazikuuzwa nje kabisa, kwa hiyo spea zake hazimo kwenye vitabu vya wakala wa hapa. Chagua modeli ambayo fundi wako amekwisha kuifungua. Kama katika tarafa yenu kuna Yanmar kadhaa na hakuna Iseki hata moja, nunua Yanmar.

Mengi yamefanya kazi kwenye mpunga tangu yalipotoka kiwandani, na hapo ndipo ukaguzi unapoanzia. Fungua oili ya ekseli ya mbele na ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepenya kwenye sili, na beringi zimekwisha kuanza kuliwa. Lala chini uangalie sehemu za ndani za magurudumu ya mbele kama kuna oili inayochuruzika. Sili yenyewe haina gharama kubwa. Kuifikia ndiko kunakokula fedha.

Nenda alfajiri, bila taarifa ndefu. Weka mkono kwenye injini: ikiwa ya moto, kuna mtu ameipasha kabla hujafika, na hilo peke yake ni sababu ya kurudi siku nyingine. Baridi ya Juni kule Mafinga ni kipimo kizuri, kwa sababu injini iliyochoka haiwaki bila kusumbua. Ikishawaka, tazama moshi. Mweusi kidogo unapokanyaga mafuta ni wa kawaida. Wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili, ringi zimeisha. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Hewa ikitoka kwa kishindo na moshi, ondoka.

Kisha nyanyua rotaveta mpaka juu, zima injini, na uendelee kuzungumza na mwenye mali. Ikishuka kabla hamjamaliza habari za msimu, haidroliki inavuja kwa ndani. Usiiamini sana mita ya saa za kazi, maana hubadilishwa. Amini pedali zilizolika, usukani unaocheza na visu vya rotaveta.

Nafasi ya tatu, ila ya kwanza kwa Usangu: pawatila

Baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa mwaka 2009, pawatila (mashine za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono) zilipelekwa katika halmashauri nyingi, na huko kwenye udongo mgumu wa juu wakulima wengi walizikatia tamaa. Zilipelekwa mahali pasipo pake. Pawatila ya hp 12 hadi 16 katika jaruba lenye maji ni mashine ya maana sana: inavuruga tope, inasukuma pampu, na baada ya mavuno inavuta trela la magunia mpaka barabarani. Mwenye ekari tano za mpunga Mbarali asikope kununua trekta wakati pawatila inamtosha. Mwenye mteremko Rungwe asiiguse; inachosha mikono na ni ya hatari wakati wa kugeuza.

Nafasi ya nne: Massey Ferguson kuukuu

Najua wengi wataniuliza kwa nini nimeishusha. MF 240 ya hp karibu 50 au 290 ya hp karibu 80 ni mashine imara, kila fundi kuanzia Tunduma hadi Iringa anaijua, na spea zake zipo kila mji. Ismani, Mbozi au kwingineko kwenye mashamba mapana ya mahindi, na kama biashara yako ni kulimia watu, ipandishe mpaka ya kwanza. Kwa shamba la nyumbani lenye bonde na miti, ni zito, linakandamiza udongo, na nyingi zimekwisha kufunguliwa injini mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka.

Jipya la jina geni, la bei ya chini, lisilo na wakala: hilo sikushauri hata kwa mkopo wa bila riba.

Fremu ya usalama

Hapa sitabembeleza. Kwenye miteremko yetu trekta dogo linapinduka kwa urahisi, na dereva asiye na fremu ya chuma ya kumkinga nyuma ya kiti hufa chini yake. Matrekta mengi ya mtumba huja fremu ikiwa imeng'olewa. Lisilo nayo, mwambie muuzaji aitafute au apunguze bei kiasi cha kukuwezesha kuinunua, na usikubali ya bomba la maji lililochomelewa mtaani. Ukiwa na fremu, funga mkanda. Tanua magurudumu ya nyuma kadiri yanavyoruhusu. Na gogo au gari lililokwama, lifunge kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma (drawbar) tu. Ukilifunga juu ya ekseli, trekta litanyanyuka mbele na kukuangukia.

Kujadili bei

Oktoba na Novemba muuzaji ndiye bwana, kwa sababu mvua iko njiani. Subiri kazi ya kulima ipite. Kuanzia Februari matrekta mengi yamesimama uani, na mwenye nalo ana ada na madeni. Kwa jipya, Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ndipo mahali pa kulinganisha: mawakala wako jirani, na kila mmoja anajua unaweza kuvuka njia. Chukua proforma, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, kwa maandishi kutoka kwa wawili watatu, kisha rudi kwa yule unayemtaka.

Usijadili trekta peke yake. Jadili mzigo mzima: trekta, rotaveta au jembe, kulisafirisha mpaka kijijini, huduma ya kwanza, filta za mwaka na seti ya ziada ya visu. Wakala ambaye hawezi kushusha bei hata shilingi mara nyingi anaweza kuongeza jembe. Kwa la mtumba, kila kasoro uliyoiona iandike pamoja na bei ya kuitengeneza kwa fundi, halafu taja jumla. Mwenye mali akiona hesabu hubishana nayo kwa heshima. Ukisema tu "ni ghali, mzee, punguza" atakupunguzia za soda. Kama kuna dalali, mlipe wewe kwa ujira mliokubaliana mapema, ili asiweke cha juu kwenye bei.

Kama unakopa, pigania marejesho yafuate mavuno. Mkulima wa mahindi asikubali kulipa kila mwezi kuanzia Januari. TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, ina mfuko wa dhamana unaopitia benki za biashara. Uliza kwenye benki yako kama mkopo wako unaweza kuingia humo. Na kabla ya kusaini, piga hesabu ya kulimia watu kwa bei za kwenu. Tuseme, kwa mfano tu, ekari ni 60,000: toa dizeli ya lita saba, toa dereva, kisha weka kando theluthi ya kilichobaki kwa matengenezo. Kinachosalia, zidisha kwa ekari unazoweza kuzipata kweli katika wiki sita au nane za kulima. Jumla hiyo isipofika nusu ya rejesho la mwaka, shamba lako lenyewe ndilo litakalobeba deni.

Siku ya kulipa, dai kadi halisi ya usajili, maana nakala inaweza kuwa imeachwa huku kadi yenyewe imeshikwa na benki. Linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako, thibitisha TRA, andikishaneni kwa wakili na mashahidi wa pande zote mbili. La mtumba libadilishie oili zote na filta kabla halijashika kazi. Jipya, oili ya kwanza ya injini ibadilishwe kwenye saa 50 za kazi kama kitabu chake kinavyosema, na risiti uitunze, kwa sababu bila hiyo waranti itakataliwa.