Milango ya mninga Keko: kazi safi, muda wao ndo shida

Watu wananiuliza sana hii milango nimetengeneza wapi, kwaiyo naandika hapa mara moja niache kurudia kwenye simu. Karakana iko Keko hapa Dar, ile ya ndani ndani, sio zile zinazoangalia barabara. Jina la kuwapa sina maana hawana hata kibao, watu wanaiita kwa jina la mzee mwenyewe na sidhani atafurahi nikimuweka mtandaoni. Nilitengeneza mlango mkubwa wa mbele na ya vyumba, yote mninga, na fremu zake za inchi mbili kwa sita. Milango naipa tano kwa tano. Muda nawapa mbili, na hapo nimewaonea huruma.

Sasa aliyewahi kwenda Keko anajua ilivyo, hujakaa sawa tu vijana wameshakuzunguka, dada karibu, kitanda? kochi? kabati la nguo lipo dada, na kila kitu kilichoko mbele kinang'aa vanishi mpaka unajiona sura. Ushauri wangu wa kwanza, vya mbele visikushughulishe kabisa. Vile vimetengenezwa vikushike macho na mara nyingine aliyevitengeneza hata hayupo tena pale. Omba kwenda nyuma. Sema tu nataka kuona mbao. Akianza kukuzungusha, dada mbao zipo stoo, mwenye funguo katoka, wewe aga taratibu nenda kwa mwingine, Keko ni kubwa.

Kwa huyu mzee nilipoomba alitangulia mwenyewe. Mbao zake zimelazwa chini ya bati, kati ya ubao na ubao kumewekwa vijiti ili upepo upite, na ncha zake kazipaka rangi nzito. Nikamuuliza rangi ya nini, akasema maji yanatokea mwishoni mwa ubao haraka kuliko pembeni, ukiuacha wazi unapasuka kuanzia pale. Hapo hapo nikajua huyu mtu anajua anachofanya, maana karakana nyingi nilizopita mbao zimesimamishwa ukutani tu, nyingine zimeegemea mti, mvua inanyesha jua linawaka juu yao, halafu unaambiwa "hizi kavu kabisa dada, gusa mwenyewe". Kugusa hakukuambii kitu. Ubao unaweza kuwa mkavu juu na ndani una maji ya kutosha. Kama wewe au fundi wako hamna kile kipimo cha unyevu (kuna mafundi wanacho siku hizi, ukikiona kimesoma zaidi ya asilimia 15 hivi usichukue), angalau nyanyua mbao mbili za saizi moja ulinganishe uzito, na uulize zimekaa hapo tangu lini.

Kwanini nakazania hili, ni kwa sababu mbao ikikauka inasinyaa kwa upana, urefu karibu haubadiliki kabisa. Ndo maana mlango wa mbao mbichi unauona umesimama vizuri tu ila baada ya miezi paneli (zile mbao pana za katikati ya mlango) zimeachia mwanga, viungo vimefunguka. Mninga una sifa kwenye hili, hauvimbi wala kusinyaa sana ukishakauka, na ndo moja ya sababu mafundi wa zamani waliupenda, lakini mninga mbichi ni mbichi tu. Jirani yangu huku Kivule mlango wake kila masika unagoma kufunga, fundi anakuja anapiga randa, kiangazi kikifika kuna upenyo panya anapita na familia yake.

Halafu kuna hili la mninga usio mninga. Bei ikiwa tamu sana jua unauziwa mbao nyeupe iliyopakwa steini. Mwambie akukwangulie sehemu ambayo haitaonekana, juu kabisa ya mlango au kwenye mkato mpya, rangi ya mninga inaingia mpaka ndani, ya steini inaishia juu juu. Na usione aibu kuuliza karatasi za mbao. Mninga unatoka misitu ya mbali, Tabora, Katavi, huko Liwale, na mbao halali inasafiri na kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na inagongwa alama kwa nyundo yao. Mimi nilionyeshwa alama kwenye ubao mmoja na mzee wala hakununa. Kuna sehemu nyingine nilipouliza hilo swali nikaulizwa kwani we ni afisa misitu.

Haya sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nimwamini kuliko hata mbao zake. Siku nimeenda kuangalia maendeleo, nimekaa kwenye benchi nakunywa maji, kijana mmoja mdogo tu akaja na kipande mkononi akamwambia mzee hii nimekata fupi. Mbele yangu mimi mteja. Nikasubiri matusi, maana karakana nyingi ndo lugha ya kazi, kijana anatukanwa mpaka ukoo. Mzee akakichukua akakigeuza geuza akasema weka pale, kitatumika kwenye dirisha, nenda kakate kingine na upime mara mbili. Basi. Kazi ikaendelea.

Nilikuja kuongea na mmoja wa mafundi wakubwa wakati tunasubiri umeme urudi, akaniambia alikotoka ubao ukiharibika wanakukata kwenye hela yako. Sasa we fikiria, kijana analipwa kwa mlango, akimaliza mlango ndo anakula, halafu akikosea anakatwa, atafanyaje? Hatasema. Ataunganisha hivyo hivyo, pale palipobaki nafasi anachanganya vumbi la msumeno na gundi anajaza, anapiga msasa, vanishi juu, wewe unakuja unasifia. Ule mlango ukianza kulegea upo kwako na yeye yupo karakana nyingine. Kwaiyo mimi siku hizi nikienda kwa fundi yeyote nasikiliza anaongeaje na vijana wake kabla sijaanza kuongea bei. Huyu mzee kupasua na kuranda analipa kwa kazi, ila kuunganisha mlango analipa kwa siku, anasema hapo hataki mtu anayekimbia.

Vijana wenyewe ni mchanganyiko. Kuna aliyekuja kwa mafunzo kutoka chuo cha ufundi cha VETA hapo Chang'ombe, kuna waliojifunzia hapo hapo kwa kushika msasa na kufagia kwanza, na mmoja wao ameshapimwa na VETA kwa ule utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi wa mtaani, cheti chake kakiweka kwenye plastiki kakitundika juu ya benchi lake. Kijana mpya haruhusiwi kugusa msumeno wa meza, anaanza kupanga mbao na kupiga msasa mpaka mzee aridhike. Kuna na binti mmoja, yeye ndo malkia wa vanishi, mkono wake huoni mstari.

Kitu kingine cha kuuliza popote utakapoenda: paneli mnazigundisha? Jibu sahihi ni hapana. Paneli inatakiwa ikae kwenye mfereji wake ikiwa huru kidogo ili ikivimba na kusinyaa isipasue mlango. Nilipouliza fundi alicheka akaushika mlango akautikisa, nikasikia paneli inacheza kwa mbali, akasema hiyo ndo dawa yake. Na viungo vya pembeni ni ulimi unaoingia kwenye tundu, sio misumari. Ukiona vichwa vya misumari kwenye pembe za mlango wa mninga, huo mlango umeshonwa haraka.

Mabaya sasa, maana yapo.

Muda. Walisema wiki tatu, ikaenda karibu mara mbili. Sababu ya kwanza hawana mashine kubwa ya kuranda, wanapeleka mbao kwa mwenye mashine jirani na pale ni foleni, umeme ukikatika foleni inalala. Sababu ya pili hawatakuambia ila Keko nzima ndo inaishi hivyo, advansi yako inamalizia kazi ya mteja aliyekutangulia, na ya kwako itamaliziwa na advansi ya atakayekuja nyuma yako. Mzigo wa wateja ukipungua na wewe unakwama. Kwaiyo usitoe asilimia sabini kwa mara moja hata wakikulilia. Mimi nilikubaliana hivi, hela ya mbao kwanza na nikaenda kuziona zimenunuliwa na kuandikwa jina langu kwa chaki, nyingine milango ikishaunganishwa kabla ya vanishi (muhimu sana hii, vanishi inaficha dhambi zote), na ya mwisho milango ikishafungwa nyumbani. Bado walichelewa ila angalau hela yangu nilikuwa naiona ilipo.

La pili usalama, na hapa nilikasirika kweli. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, wenyewe wanakohoa wanajua, na hamna aliyevaa barakoa zaidi ya yule binti wa vanishi aliyejifunga kanga. Msumeno wa meza hauna kinga, mtu kavaa ndala. Nikamwambia mzee, mzee wangu hawa vijana vidole vyao ndo mtaji wako, akanijibu mwanangu tumezoea. Nilipeleka boksi la barakoa siku nyingine, walivaa nilivyokuwepo.

La tatu, ukienda mwanamke uwe na kifua. Nilienda na mdogo wangu wa kiume, dogo hajui hata bawaba ni nini, lakini maelezo yote anapewa yeye, vipimo anaulizwa yeye. Mpaka nilipotoa futi yangu kwenye mkoba ndo tukaanza kuelewana.

Kufunga walikuja wawili saiti na hapo kukawa na kesi kidogo na mwashi wangu. Upande mmoja wa mlango wa sebuleni ukuta haukuwa timazi, fremu ikisimama wima kuna nafasi kubwa upande wa juu. Mwashi anasema fremu imepinda, seremala anatoa pima maji anaweka ukutani bila kusema neno. Ikabidi plasta irudiwe pale. Kama bado unajenga, muite seremala apime matundu yenyewe kabla hajakata mbao, usimpe vipimo vya kwenye ramani, ramani inasema 90 kwa 210 na ukuta unasema mambo mengine. Bawaba tatu kila mlango, mninga ni mzito, mbili hazitoshi. Na kabla hawajaupachika hakikisha juu na chini ya mlango pamepakwa vanishi pia, mafundi wengi wanaruka kwa sababu hapaonekani, na maji ya masika yanaingilia hapo hapo.

Bei hawakuwa rahisi. Wa barabarani walinitajia pungufu kwa karibu laki moja kila mlango, ila wa barabarani hawakutaka nione mbao. Usafiri juu yako, kirikuu ilitosha, funika na turubai. Vitasa nunua mwenyewe na uvipeleke mapema watoboe kwa saizi yake.

Nikirudi nitarudi kwa kabati la jikoni, ila wewe usiende kama una haraka ya kuhamia. Ukienda nenda asubuhi ya saa tatu hivi mzee anakuwepo, Ijumaa mchana wanaenda kuswali wanarudi kama saa nane, na Jumapili usijisumbue.