Ule mkahawa wa skrini mbili Paje: mpira wa Kimarekani nendeni, wa Kiingereza bora maskani

Jina la pahala silitaji, yule wa kaunta tunajuana na sitaki lawama, ila mtu wa Paje, huku Unguja, nikimwambia ule mkahawa wa makuti wenye skrini mbili kubwa na spika kama za harusi keshapajua. Nimekwenda Jumapili moja ya mwezi wa 11 na wageni wawili, mie ndo dereva wao, mmoja Mwingereza wa kusini ya London na mmoja Mmarekani wa Oakland, wamejuana huku huku kwenye kaiti za baharini.

Chakula kwanza nisije nikasahau. Pweza wa nazi elfu 25, bei ya mgeni hiyo, lakini kapikwa akapikika, laini, tui zito, na ndimu wanakuletea bila ya kuomba. Chipsi zimekuja zishapoa. Juisi ya ukwaju nzuri khaswa. Waifai inasuasua.

Sasa mpira. Mechi ya ligi ya Uingereza imeanza saa 1 na nusu usiku, pahala pamejaa, vijana wa Paje, wa Bwejuu, wengine wamepakiana pikipiki kutoka Jambiani, jezi za kila rangi. Na hapo ndo balaa linapoanza maana wameweka dijei. Kona, muziki. Mtu kaanguka anashika goti, muziki. Goli limeingia watu wanataka kuruka na kelele zao wenyewe, dijei keshawafunika na maiki juu, eti "nani anashangiliaaa", sasa yakhe mtu kafunga goli nishangilie kwa kuitwa? Wazee wawili walokaa nyuma yetu walinyanyuka hata mapumziko hayajafika wakaenda zao barazani.

Mwingereza wangu ndo alokereka zaidi. Anasema kwao kelele haziletwi na mtu wa spika, zinatoka hapo hapo kwenye viti, mmoja nyuma ya goli anaanzisha wimbo wengine wanadaka, na nyimbo wanatunga wenyewe, za kumsifu mchezaji, za kumkejeli refa, mpaka za kujicheka wenyewe wakishapigwa 4. Mashabiki wa ugenini wanapewa kona yao mbali na wenyeji, basi kazi yao ni kurushiana vijembe vya nyimbo dakika 90 nzima, mie nikamwambia hayo mbona ni mipasho ya taarabu. Na bia huruhusiwi kunywa ukiwa unauona uwanja, sheria tangu 1985, wanamalizana nayo baa kabla ya kuingia.

Mmarekani hakuona tatizo lolote. Kwao skrini ya uwanjani ndo inayokwambia piga kelele, na watu wanapiga, wapo wasichana wa kucheza pembeni, bia na soseji anakuletea mtu mpaka ulipokaa, na jezi mbili zenye uhasama zinakaa viti vya jirani bila ya geti wala askari katikati. Saa kadhaa kabla ya mechi watu wako kwenye maegesho ya magari, wamefungua buti wanachoma nyama, ndo shughuli yenyewe hiyo.

Kituko kingine, Mwingereza kamuona kijana anayehudumia kavaa jezi ya Arsenal, akamuuliza kwa furaha, unatoka London ya kaskazini? Kijana akamjibu, hapana ami, natoka Bwejuu. Jamaa akauliza tena, na timu ya kwenu ipi? Hapo kijana akacheka tu, na mie nikainamia pweza wangu maana hata mie uwanja wa Amaan mara ya mwisho nimekwenda kwenye Kombe la Mapinduzi kwa tiketi ya bure.

Saa 3 kamili ugomvi. Mechi ya Mmarekani, ule mpira wao wa kubeba mikononi, inaanza, ya Kiingereza bado dakika ishirini na kitu, na ile skrini ya pili ndo imekufa, imefunikwa kanga. Ubao wa nje umeandikwa skrini mbili! Meneja akasema subirini, tukasubiri, filimbi ya mwisho ikalia, Mmarekani akachomeka kompyuta yake, tukaendelea.

Na hapa lazima niseme kweli, pahala pale palibadilika. Mpira ule unasimama kila saa, dakika 60 zinaliwa kwa saa 3 na zaidi, tangazo, kikao, tangazo, sasa dijei akiweka ngoma hamkeri mtu, unaagiza mishikaki inafika hujakosa kitu, na mazungumzo yanapata nafasi. Ndo hapo nikajua kwamba wote wawili wameibiwa timu. Wa Oakland timu yake ni Raiders, ilihamia Los Angeles 1982, ikarudi 1995, halafu 2020 ikachukuliwa Las Vegas, na bado kavaa jezi yake. Mwingereza timu yake Wimbledon, 2003 ilihamishiwa mji mwingine, Milton Keynes, kilomita kama 90, yaani utoke Nungwi ufike Makunduchi na bado uingie baharini kidogo. Wao wakakataa. Tangu 2002, uhamisho uliporuhusiwa, mashabiki wakaunda timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia ligi za chini huko za mitaani, na 2011 wakawa wamepanda mpaka ligi za kulipwa.

Nikamuuliza Mmarekani, na nyie mbona hamkufanya hivo? Akasema tupande wapi, ngazi haipo. Timu 32, hakuna kushuka daraja wala kupanda, tajiri akihama nayo kahama, na aloshika mkia ndo anapewa wa kwanza kuchagua wachezaji wapya. Mie sikuamini hilo la mkia. Mwingereza alinyamaza kidogo halafu akamnunulia mwenzake mshikaki.

Kwa hivo ukitaka ligi ya Uingereza kaa maskani kwenu na tivii ya inchi 24. Ukiwa na mgeni wa Kimarekani mpeleke pale Jumapili kuanzia saa 3 na nusu, aje na kompyuta na bando lake. Skrini ya pili waliniambia wiki ijayo itakuwa tayari. Mwezi wa 12 nimepita, bado imejitanda kanga ile ile.