Simu ipi ununue? Mwaka mmoja wa takwimu za tovuti umenipa jibu

Naendesha tovuti ndogo ya fomu za maombi, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikifungua takwimu zake kila asubuhi kabla ya kazi nyingine. Mwanzoni nilihesabu wageni tu. Baadaye nikaanza kuwafuatilia wanaokwama: wamekwamia wapi, na wameshika kifaa gani. Tangu hapo ushauri wangu wa kununua simu umebadilika kabisa.

Chukua tukio hili lililojirudia miezi yote. Mtu anafungua fomu, anajaza majina, anafika mahali pa kuambatisha picha ya kitambulisho, anabonyeza kamera. Dakika haijaisha, takwimu zinaonyesha ukurasa uleule umefunguliwa upya. Kisha tena. Kisha kimya. Nilidhani ni intaneti. Siku moja nikaazima simu yenye RAM (kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizofunguliwa) ya GB 2 nikajaza fomu yangu mwenyewe. Kamera ilipofunguka, simu ilikizima kivinjari ili ipate nafasi, na niliporudi fomu ilikuwa tupu, hata jina langu halimo. Nikarudia mara tatu, mambo yaleyale. Na simu yenyewe ilikuwa mpya, nailoni ya kioo haijabanduliwa.

Ndiyo maana, kwenye orodha yangu ya vifaa vitano, nafasi ya mwisho kabisa naipa simu mpya ya bei ya chini yenye RAM ndogo. Boksi ni zuri, kamera tatu mgongoni, lakini mtu anayeinunua ndiye yule ninayemwona kila asubuhi akifungua ukurasa mara tatu na kukata tamaa. RAM isipungue GB 4, na ukiweza fika 6. Ukikuta tangazo la "GB 4+4", hesabu nne tu. Nne za pili zinakopwa kwenye hifadhi ya simu, na hifadhi ina mwendo wa polepole kuliko RAM halisi.

Nafasi ya kwanza ni simu mpya ya kiwango cha kati iliyoahidiwa masasisho ya miaka mingi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Simu nyingi zinaachwa na programu kabla hazijaharibika. Inawaka, betri inakaa, kioo kizima, lakini kivinjari chake hakisasishwi tena. Toleo la 138 la kivinjari cha Chrome, la mwaka 2025, lilikuwa la mwisho kukubali Android 8 na 9. Kuanzia 139 inataka Android 10 kwenda juu. Mwenye simu ya zamani haambiwi kitu siku hiyo. Ulinzi wake unasimama hapo, na kadiri miezi inavyopita, kurasa zilizoandikwa kwa mbinu mpya zinaanza kumgomea moja moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, uliza masasisho ya usalama yanaisha mwaka gani. Samsung Galaxy A16, iliyotoka 2024, iliahidiwa miaka 6, na si simu ya kifahari.

Nafasi ya pili, tena inaifuata ya kwanza kwa karibu sana, ni simu ya daraja la juu iliyotumika miaka miwili au mitatu. Pixel 8 ya Google, ya Oktoba 2023, na Galaxy S24 ya Samsung, ya Januari 2024, zote ziliahidiwa miaka 7. Ila angalia hesabu: miaka hiyo inaanza siku simu ilipotoka sokoni. Siku uliyoinunua wewe haihusiki. Pixel 8 itafika 2030, hata ikipita mikono minne. Kwa upande wa iPhone, XS na XR za 2018 ziliachwa iOS 26, toleo la mfumo wa iPhone, lilipotoka Septemba 2025, na zilizolipokea zinaanzia iPhone 11. Kwa iPhone mwombe muuzaji afungue sehemu ya afya ya betri. Chini ya asilimia 80, jumlisha gharama ya betri mpya kwenye bei. Na mwenye simu wa kwanza awe ameondoa akaunti yake mbele ya macho yako.

Kuna kosa moja la kusoma takwimu ambalo limeingia hadi kwenye mazungumzo ya kuuziana simu. Utamsikia mtu akisema Android 10 bado inatumiwa na watu wengi kuliko toleo lolote, kwa hiyo simu yake ya Android 10 ina maisha marefu. Usikubali. Tangu 2023, Chrome ya Android inajitambulisha kwenye tovuti kwa maneno yaleyale, simu iwe ipi: "Android 10; K". Simu iliyotoka kiwandani juzi inaandikwa hivyo, na ya miaka sita iliyopita inaandikwa hivyohivyo. Hiyo K imewekwa mahali pa jina la modeli. Ni hatua ya kulinda faragha, na ni nzuri, ila namba hiyo haikuambii lolote kuhusu simu ya kununua.

Nafasi ya tatu: kompyuta mpakato iliyotumika, kwa anayeandika kurasa nyingi. Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, basi usichukue mashine isiyokubali Windows 11. Windows 11 inahitaji TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa prosesa ya Intel tafuta kizazi cha 8 kwenda juu. Tableti naiweka ya nne. Ni nzuri kwa kusoma, lakini wengi wanaoinunua wanabaki wakihitaji simu.

Ukishafika dukani, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kisha fungua fomu yoyote kwenye kivinjari, andika jina lako, fungua kamera, piga picha mbili, rudi kwenye fomu. Jina lisipokuwepo, mrudishie muuzaji simu yake.