Dodoma hadi Ngome Kongwe: uzoefu wangu wa kwenda Sauti za Busara kwa treni na boti

Nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya malazi, nitalieleza mbele. Muziki wenyewe wa Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, sina cha kuupunguzia.

Kwa sisi wa Dodoma, zamani kwenda Zanzibar kusikiliza muziki ilikuwa safari ya kuombea ruhusa kazini. Basi linakula siku nzima, ukiingia Dar boti ya mwisho imeshaondoka, unalala Kariakoo kwa pesa ambayo hukuipangia. Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ifike kwetu Julai 2024, hesabu imebadilika. Nilipanda ya alfajiri, daraja la kawaida, lile ambalo nauli yake ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Viti safi, na simu unachaji. Kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa mtandao unakata, ndipo watu wanapokumbuka kusalimiana. Kabla jua halijawa kali tuko Dar, na kutoka stesheni hadi bandarini ni bajaji tu, hata kwa miguu kama huna mzigo.

Beba kitambulisho, tiketi ya boti inaandikwa jina lako. Nje ya geti utakutana na vijana watakaokuapia kwamba tiketi zimeisha ila "kuna mtu anayo moja". Wapite, nenda dirishani. Februari ni msimu wa kaskazi na boti inacheza. Kama bahari inakusumbua, kaa chini, upande wa nyuma, na usile chapati na maharage kabla ya kupanda. Ni saa mbili hivi, zinaisha.

Tamasha limeanza mwaka 2004 na hufanyika Februari. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, kwa hiyo mimi sikati tiketi ya treni wala boti mpaka ratiba itoke rasmi. Kiingilio cha Watanzania kina bei yake, chini kabisa ya ile ya wageni kutoka nje. Unafungiwa utepe mkononi, unaingia Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa. Mwanzoni mwa karne iliyopita iliwahi kutumika kama bohari wakati wa ujenzi wa reli ya Bububu. Nilicheka peke yangu, maana na mimi nimeletwa na reli.

Sasa kilichonipeleka. Hapa kila kitu ni laivu. Huku kwetu nimeshalipa pesa nzuri kumwona msanii akipunga mkono huku wimbo uliorekodiwa ukiimba kwa niaba yake. Busara hilo halipo: bendi inapiga, mpiga ngoma anatoka jasho, akikosea mnasikia. Usiku ule uwanjani palikuwa na magitaa kutoka bara, ngoma, vijana wa Unguja wenye besi nzito, lakini mimi nilikuwa nimefuata taarab asilia. Nilisogea mpaka mbele, upande wa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Mzee yule alikuwa na vichokoleo vimefungwa kwenye vidole vyote viwili vya shahada, na ufunguo mdogo wa chuma pembeni. Hewa ya bahari hailei nyuzi. Kila wimbo ulipoisha alirudi kwenye misumari, anainamisha sikio, anakaza, anagusa, anakaza tena, wala hana haraka na mtu. Fidla zinamsubiri. Watazamaji wenzangu kutoka nje walidhani ni hitilafu ya mitambo. Kisha mwimbaji akashika beti, na akina mama wakaanza kutoka mmoja mmoja na noti mkononi kwenda kumtunza, kwa mwendo ule wa kuringa taratibu, mwingine akielekeza jicho kwa aliyekusudiwa na maneno. Redioni hayo huyapati hata uongeze sauti.

Kasoro moja ya mpango mzima wa tamasha lolote ni muda. Wimbo mmoja wa taarab asilia unaweza kula dakika kumi na zaidi, ukishapigwa michache zamu ya kundi imekwisha. Kama kiu yako ni hiyo kama yangu, ongeza siku na uulizie mazoezi ya vikundi vyenyewe: Culture Musical Club wako Vuga, na Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Mjini kila mtu atakuelekeza.

Malazi ndiyo yaliyonikera. Nyumba ya wageni moja ya Mji Mkongwe, niliyoilipia mapema, ilikuwa imempa mtu mwingine chumba changu. "Kaka, subiri kidogo tu," ile kidogo ya mpaka adhuhuri. Nikaishia Michenzani, kwa bei ya chini na feni inayofanya kazi. Kwa kweli ningeshauri huko huko moja kwa moja: unatembea hadi Ngome kwa miguu, na asubuhi unapata chai na mkate wa ufuta bila kulipa bei ya watalii. Usiku kula Forodhani, ni hatua chache kutoka getini, ila uliza bei ya pweza kabla hajawekwa kwenye sahani.

Kurudi, acha boti ya saa moja asubuhi. Usiku wa mwisho muziki unachelewa kuisha, na utataka kuwepo. Chukua ya mchana, kisha treni ya jioni kwenda Dodoma, na uikate mapema, maana zinajaa.